Historia ya Udhaifu wa Udhibiti wa Ufikiaji katika Zana za Usambazaji wa Programu za Kompyuta, 1975–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya udhaifu wa udhibiti wa ufikiaji katika zana za usambazaji wa programu za kompyuta tangu mwaka 1975 hadi mwaka 2024. Zana za usambazaji ni programu zinazochukua msimbo uliokamilika, kuupeleka katika kompyuta nyingi na kuuendesha huko bila mtu kuigusa kila mashine. Maelezo yaliyozoeleka huuhusisha udhaifu wa zana hizo na makosa ya waandishi wa msimbo. Insha hii inajenga hoja kwamba makosa hayo yalikuwa sababu ya karibu, ilhali sababu ya msingi ni mamlaka makubwa waliyokabidhiwa mawakala hao wa kielektroniki, pamoja na desturi ya kumhesabu kila aliyemo ndani ya mtandao kuwa mwaminifu. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha rdist, Jenkins, Salt, Kaseya VSA na TeamCity.

1.0 Utangulizi

Tarehe 3 Julai 2021, kampuni ya Coop nchini Uswidi ililazimika kufunga sehemu kubwa ya maduka yake yapatayo 800 kwa sababu mashine za kulipia zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Coop haikuwa imevamiwa moja kwa moja, wala haikuwa mteja wa kampuni ambayo programu yake ilitumika katika uvamizi huo. Mashine zake zilihudumiwa na kampuni nyingine, na huduma hiyo ilitegemea Kaseya VSA, zana iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya kusimamia kompyuta kutoka mbali na kuzisambazia programu. Wahalifu waliiamuru zana hiyo isambaze programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, nayo ikatii. Kwa upande wa kompyuta zilizopokea amri hiyo, hapakuwa na jambo lolote lisilo la kawaida: msimamizi wao wa kila siku alikuwa amewatumia programu mpya.

Tukio hilo linaibua swali la kihistoria. Kanuni za kuzuia hali ya namna hiyo zilikuwa zimeandikwa tangu mwaka 1975. Kwa nini basi, baada ya takriban nusu karne, zana zilizokabidhiwa funguo za maelfu ya kompyuta ziliendelea kumtii mtu ambaye hakuwa na haki ya kuziamuru?

Katika kulijibu swali hilo, ni muhimu kutofautisha dhana mbili. Ya kwanza ni uthibitishaji wa utambulisho, yaani kuhakikisha kwamba anayeomba huduma ndiye anayedai kuwa. Ya pili ni utoaji wa idhini, yaani kuamua iwapo mtu huyo, akishatambuliwa, anaruhusiwa kufanya jambo analoliomba. Udhibiti wa ufikiaji hujengwa na dhana zote mbili. Kama itakavyoonekana, zana za usambazaji zilishindwa katika zote, lakini kushindwa katika dhana ya pili ndiko kulikoyapa makosa madogo madhara makubwa.

2.0 Misingi ya Kinadharia, 1975–1988

Chimbuko la udhibiti wa ufikiaji limo katika kompyuta zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1961, uliwawezesha watumiaji kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Hali hiyo ilizua haja ya nywila na ya kutenganisha mafaili ya mtumiaji mmoja na ya mwingine. Mjadala uliofuata, hususani kuhusu mfumo wa Multics uliourithi CTSS, ndio uliowapa Jerome Saltzer na Michael Schroeder msingi wa andiko lao la mwaka 1975 kuhusu ulinzi wa taarifa katika mifumo ya kompyuta.

Saltzer na Schroeder walipendekeza kanuni nane za usanifu. Nne kati yake zina uzito wa pekee katika insha hii. Kanuni ya mamlaka ya chini kabisa inataka kila programu na kila mtumiaji wapewe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyopo. Kanuni ya mpangilio salama wa awali inataka pasipo na ruhusa iliyotamkwa, jibu liwe hapana. Kanuni ya ukaguzi kamili inataka kila ombi likaguliwe, bila kuacha njia ya pembeni. Kanuni ya nne inataka ulinzi uwe rahisi kutumika, ili watu wasishawishike kuukwepa. Kanuni hii ya mwisho hutajwa mara chache, lakini inaonesha kwamba waandishi hao walitambua mapema kuwa ulinzi unaomchosha mtumiaji hauishi muda mrefu.

Mwaka 1988 Norm Hardy aliongeza dhana iliyokosekana. Alisimulia kisa kilichotokea katika Tymshare, kampuni iliyouza muda wa kutumia kompyuta. Kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, ilikuwa imepewa ruhusa ya kuandika katika saraka ya mfumo ili itunze takwimu za matumizi yake. Katika saraka hiyohiyo lilikuwamo faili la ankara za wateja. Mtumiaji mmoja aliiambia kompaila iandike matokeo yake katika faili lenye jina la lile la ankara. Mtumiaji mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo, lakini kompaila ilikuwa nayo. Ikaandika, na taarifa za ankara zikapotea. Kompaila haikuvunja sheria yoyote ya mfumo; ilitumia mamlaka yake halali kwa niaba ya mtu asiye na mamlaka hayo. Hardy aliita hali hiyo tatizo la wakala aliyekanganywa.

Dhana ya Hardy ndiyo ufunguo wa uchambuzi unaofuata. Zana ya usambazaji kwa asili yake ni wakala. Haina kazi yake binafsi; hufanya kazi za wengine kwa kutumia funguo ilizokabidhiwa. Kwa hiyo kila zana ya aina hii huzaliwa ikiwa na uwezekano wa kukanganywa.

3.0 Imani ya Ndani ya Mtandao: rdist, 1986–1991

Miongoni mwa zana za mwanzo za kusambaza programu katika familia ya mifumo ya Unix ni rdist, iliyoingizwa katika toleo la 4.3BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kompyuta kadhaa zina nakala zilezile za mafaili. Ili kuzifikia kompyuta nyingine, rdist ilitegemea utaratibu ulioitwa wa kompyuta zinazoaminiana: mashine moja iliorodhesha majina ya mashine nyingine ambazo watumiaji wake waliweza kuingia bila nywila.

Utaratibu huo ulitegemea dhana moja zaidi. Mashine iliyopokea ombi ilichukulia kwamba ombi lililotoka katika milango ya mtandao yenye namba ndogo, chini ya 1024, limetumwa na msimamizi mkuu, kwa kuwa ni yeye pekee aliyeweza kuitumia milango hiyo. Kwa sababu hiyo rdist ililazimika kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, hata pale ilipoitwa na mtumiaji wa kawaida. Hapa kisa cha Hardy kinajitokeza upya katika umbo la kudumu: mtumwaji ana nguvu kuliko anayemtuma.

Dhana ya kuaminiana ilipata pigo tarehe 2 Novemba 1988, wakati programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilipoenea katika intaneti. Mojawapo ya njia zake za kuenea ilikuwa orodha hizohizo za mashine zinazoaminiana. Kompyuta zilizoathiriwa zilikadiriwa kuwa zipatazo 6,000. Mwezi huohuo kituo cha CERT kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ili kuratibu taarifa za usalama. Mwaka 1991 kituo hicho kilitoa tahadhari kuhusu rdist yenyewe: mtumiaji wa kawaida aliweza kuitumia kupata mamlaka ya msimamizi mkuu. Marekebisho yalitolewa, lakini mantiki iliyoipa rdist mamlaka hayo haikubadilishwa papo hapo.

Ipo njia nyingine iliyojitokeza katika kipindi kilichofuata. Mwaka 1993, Mark Burgess alianzisha CFEngine katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe. Katika usanifu wake, kompyuta haikusubiri kuamriwa na kituo. Ilichukua yenyewe maelekezo na kuyatekeleza. Mfano huo unaonesha kwamba zana yenye kituo kimoja kinachoamuru haikuwa njia pekee iliyowezekana. Ilikuwa chaguo.

4.0 Kutoka Chumba cha Wahandisi hadi Intaneti, 2004–2016

Mwaka 2004, Kohsuke Kawaguchi, mhandisi wa Sun Microsystems, alianza kuandika Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo kila unapobadilishwa. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na mgogoro kuhusu jina na uendeshaji wa mradi ukafuata. Mwaka 2011 sehemu kubwa ya wachangiaji iliendelea na kazi chini ya jina la Jenkins.

Kwa miaka mingi Jenkins iliposimikwa haikudai nywila. Yeyote aliyeweza kuufungua ukurasa wake aliweza kuanzisha kazi, kubadilisha mipangilio na hata kuandika amri katika dirisha la msimamizi, amri ambazo seva ilizitekeleza. Mpangilio huo haukuwa uzembe mtupu. Hudson ilizaliwa kama msaidizi wa timu ndogo ya wahandisi waliofahamiana na waliofanya kazi nyuma ya ukuta wa mtandao wa kampuni. Katika mazingira hayo, nywila ilikuwa usumbufu kwa watu ambao wote walikuwa na haki ya kuitumia zana.

Mazingira hayo yalibadilika upesi. Mwezi Juni 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walieleza namna kampuni yao ilivyosambaza mabadiliko zaidi ya mara 10 kwa siku. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, ulioupa vuguvugu hilo jina la DevOps. Usambazaji wa mara kwa mara haukuwezekana iwapo mtu angelazimika kuandika nywila kila hatua. Suluhisho lilikuwa kuzihifadhi funguo ndani ya zana: funguo za hazina ya msimbo, za hifadhidata, za seva za wateja na za akaunti za kompyuta ya wingu. Zana iliyoanza kama msaidizi wa kujaribu msimbo ikawa mtunza funguo zote za nyumba, huku mlango wake ukiwa bado ule wa zamani.

Gharama ya kukusanya mamlaka mahali pamoja ilidhihirika mwezi Juni 2014 katika kampuni ya Code Spaces, iliyohifadhi msimbo wa wateja. Mvamizi aliyepata nafasi ya kuingia katika jopo la kusimamia akaunti yake ya wingu alidai fidia, kisha akafuta seva, data na sehemu kubwa ya nakala za akiba, kwa kuwa zote zilisimamiwa kutoka jopo hilohilo. Kampuni ilisitisha shughuli zake. Ingawa jopo hilo halikuwa zana ya usambazaji kwa maana finyu, tukio lilionesha tofauti kati ya kuvamiwa na kuangamizwa: tofauti hiyo iliamuliwa na kiasi cha mamlaka yaliyowekwa nyuma ya mlango mmoja.

Toleo la Jenkins 2.0, lililotolewa mwezi Aprili 2016, liliubadili mpangilio wa awali. Tangu hapo usimikaji mpya ulianza kwa nywila iliyoundwa na mfumo wenyewe. Kanuni ya mpangilio salama wa awali ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka 40.

5.0 Amri kwa Maelfu: Salt na Kaseya, 2020–2021

Salt, iliyoanzishwa na Thomas Hatch mwaka 2011, ilijengwa juu ya mfano wa kituo na watumwa wake. Seva kuu moja hutoa amri, na kompyuta zilizounganishwa nayo huzitekeleza, mara nyingi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kasi ya mfano huu ndiyo iliyoipa sifa.

Tarehe 30 Aprili 2020, kampuni ya usalama ya F-Secure ilitangaza dosari mbili katika Salt. Iliyo kubwa zaidi ilihusu sehemu ya seva kuu iliyopokea maombi ya kompyuta ambazo bado hazijatambuliwa. Sehemu hiyo ilipaswa kutoa huduma chache tu zisizo na hatari. Hata hivyo, iliacha wazi kazi mbili za ndani. Moja iliwezesha kuweka amri katika foleni ya kupelekwa kwa kompyuta zote. Nyingine ilimrudishia muulizaji ufunguo ambao seva iliutumia kumtambua msimamizi wake mkuu. Kwa maneno mengine, mgeni alibisha hodi, akakabidhiwa ufunguo wa mwenye nyumba. Ukaguzi kamili, kanuni ya tatu kati ya zile zilizotajwa hapo juu, ulikuwa na tundu.

F-Secure ilikuta zaidi ya seva kuu 6,000 za Salt zikifikika moja kwa moja kutoka intaneti. Marekebisho yalikuwa yameshatolewa, lakini ndani ya siku chache miradi ya LineageOS na Ghost pamoja na kampuni ya DigiCert ilitangaza kwamba seva zao zimevamiwa kupitia dosari hizo. Kwa upande wa Ghost, wavamizi walizitumia seva kuchimba sarafu za kidijitali, na mzigo mkubwa uliotokana na kazi hiyo ndio uliowafichua. Kwa kuzingatia mamlaka waliyokuwa wameyapata, wangeweza kufanya makubwa zaidi.

Mwaka uliofuata Kaseya haikubahatika hivyo. Taasisi ya DIVD ya Uholanzi, inayotafuta na kuripoti dosari kwa hiari, ilikuwa imeiarifu kampuni hiyo mwezi Aprili 2021 kuhusu kasoro katika VSA, na marekebisho yalikuwa yakiendelea. Kundi la REvil lilitangulia. Tarehe 2 Julai 2021, kabla ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, lilipita uthibitishaji wa utambulisho wa VSA na kusambaza programu yake kana kwamba ni sasisho la kawaida. Kwa mujibu wa Kaseya, wateja wake wa moja kwa moja walioathiriwa walikuwa chini ya 60, lakini kupitia wao biashara zilizoguswa zilifikia takriban 1,500.

Uwiano huo ndio kiini cha suala. Uamuzi wa kuipa VSA mamlaka kamili juu ya kompyuta ulifanywa na mtengenezaji pamoja na watoa huduma. Gharama ya uamuzi huo ilifika kwa muuza duka na mnunuzi wa Uswidi, ambao hawakuujua na hawakuulizwa.

6.0 Kurudi kwa Wakala: TeamCity na Jenkins, 2023–2024

Mwezi Septemba 2023, JetBrains ilirekebisha dosari katika TeamCity, zana ya kujenga na kusambaza msimbo. Wasanifu walikuwa wameruhusu anwani za ndani za aina fulani zipite bila kukaguliwa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa upana mno, kiasi kwamba ombi lolote ambalo anwani yake iliishia kwa herufi RPC2 lilisamehewa ukaguzi. Mtu asiye na akaunti aliweza kwa njia hiyo kujitengenezea tokeni ya msimamizi. Mwezi Desemba 2023, taasisi za usalama za Marekani, Uingereza na Polandi zilitangaza kwamba idara ya ujasusi wa nje ya Urusi ilikuwa ikiitumia dosari hiyo.

Mwezi Januari 2024 ilikuwa zamu ya Jenkins. Msomaji wa amri zake alikuwa na desturi moja: alama ya @ ikifuatiwa na jina la faili, aliibadilisha kwa yaliyomo ndani ya faili hilo. Desturi hiyo ilikusudiwa kumrahisishia mtumiaji kazi katika kompyuta yake mwenyewe. Ilipotumika ndani ya seva, iliisababisha seva isome mafaili yake yenyewe na kumwonesha muulizaji, hata asiye na ruhusa ya kusoma, angalau mistari michache ya mwanzo.

Ukilinganisha tukio hilo na kisa cha Tymshare, mfanano wake ni wa kushangaza. Katika matukio yote mawili, mtumiaji anataja jina la faili. Wakala analifungua kwa mamlaka yake mwenyewe. Na hakuna anayeuliza mamlaka hayo yanatumika kwa niaba ya nani. Kompaila iliandika na Jenkins ikasoma. Nywila iliyoongezwa mwaka 2016 haikuweza kuizuia dosari hii, kwa kuwa ililinda mlango tu na haikupunguza mamlaka ya aliyekuwa ndani.

7.0 Mjadala

Maelezo ya kwanza yanayoweza kutolewa ni kwamba matukio haya ni mkusanyiko wa makosa ya uandishi wa msimbo. Ni kweli kwamba kila tukio lina kosa lake, na kila kosa lilirekebishwa kwa mabadiliko machache. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Kosa katika programu ya kuchora picha huharibu picha. Kosa lenye ukubwa uleule katika Salt liliweka rehani kila kompyuta iliyo chini yake. Ukubwa wa madhara haukutokana na kosa, bali na mamlaka.

Maelezo ya pili huilaumu aina ya umiliki, ama kwa kudai kwamba programu huria hazina mwenye kuwajibika, ama kwamba programu za kibiashara huficha kasoro zake. Ushahidi hauungi mkono upande wowote. Jenkins na Salt ni programu huria, ilhali VSA na TeamCity ni za kibiashara, na zote zilishindwa kwa namna inayofanana.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya kihistoria. Kila kizazi cha zana hizi kilibuniwa ili kupunguza kazi ya wahandisi, kikarithi imani ya mazingira madogo kilimozaliwa, kisha kikahamishiwa katika mazingira makubwa bila imani hiyo kuhojiwa. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako: hatari haikuwa silaha ya mgeni, bali chombo ambacho mwenye nyumba alikitumia kila siku. Aidha, mamlaka ya chini kabisa yana gharama. Kila ruhusa inayotengwa humhitaji mtu wa kuibainisha, na kazi hiyo ndiyo hasa zana zilikusudiwa kuiondoa. Saltzer na Schroeder waliiona hatari hiyo walipodai kwamba ulinzi uwe rahisi kutumika.

Mabadiliko ya karibuni yanathibitisha kwamba mwelekeo huo unaweza kugeuzwa. Tangu mwezi Februari 2023, GitHub ilizifanya tokeni zinazotolewa kwa kazi za kiotomatiki katika hazina mpya ziwe za kusoma tu, isipokuwa mwenye hazina aombe zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ilikuwa imeanza kuruhusu matumizi ya vitambulisho vya muda mfupi badala ya funguo za kudumu zilizohifadhiwa ndani ya zana. Hatua hizi mbili hazidai kwamba dosari hazitakuwapo. Zinapunguza kile ambacho wakala aliyekanganywa anaweza kukifanya na muda anaoweza kukifanya.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba udhaifu wa udhibiti wa ufikiaji katika zana za usambazaji haukutokana na ukosefu wa maarifa. Kanuni zilikuwapo tangu mwaka 1975, na tatizo la wakala lilipewa jina mwaka 1988. Kilichokosekana ni kuitazama zana yenyewe kama mtendaji mwenye mamlaka yanayopaswa kupimwa na kuwekewa mipaka. Kuimarisha mlango, kama Jenkins ilivyofanya mwaka 2016, kulikuwa hatua ya lazima, lakini tukio la mwaka 2024 linaonesha kwamba hakukutosha. Swali linalopaswa kuulizwa kuhusu zana yoyote ya aina hii si tu nani anaweza kuingia, bali pia zana hiyo inaweza kufanya nini pale itakapomtii asiyestahili, na nani atakayelipa. Katika maduka ya Uswidi mwezi Julai 2021, jibu la swali hilo la mwisho lilijulikana baada ya gharama kwisha kulipwa.